Karatasi ya Ghala: Kinachopelekwa Hasa Unapoita Methodi

Kuna sentensi moja ipo karibu kwenye kila desa la programu linalozunguka hapa chuoni: "Kwenye Java, namba hupitishwa kwa thamani na vitu hupitishwa kwa rejeo." Inakaririka kirahisi na inajaza mistari miwili ya kujibia. Nusu yake ya pili si kweli. Wengi wameiandika kwenye testi na maisha yakaendelea, hakuna aliyepata sapu kwa ajili yake. Lakini sisi wa elimu hatuishii kwenye testi. Muda si mrefu tutaiandika ubaoni, darasa zima litainakili, na mmoja kati ya hao wanafunzi siku moja atapewa kazi ya kutengeneza programu ya chama cha ushirika cha wakulima. Hapo ndo ile sentensi itaanza kugusa mahindi ya watu.

Kwanza maneno yenyewe. Katika programu za mtindo wa vitu, kitu ni kifurushi cha taarifa pamoja na kazi zinazoweza kufanywa kwa taarifa hizo. Klasi ni ramani ya kutengenezea vitu vya aina moja, na methodi ni kazi mojawapo. Methodi ikihitaji kupewa kitu cha kufanyia kazi, unakiweka kwenye mabano wakati wa kuiita. Unachotoa wewe mwitaji ni agumenti, na jina linalokipokea kule ndani ni parameta. Kwenye maongezi watu wanayachanganya haya mawili na hakuna ugomvi. Hapa tuyatenganishe, kwa sababu suala zima ni hili: kutoka kwenye agumenti kwenda kwenye parameta, ni nini hasa kinachovuka?

Kinachovuka ni nakala. Kwenye Java ni nakala siku zote, kwa namba na kwa vitu pia. Panapobishaniwa ni nakala ya nini.

Naomba nieleze kwa mahindi, maana nimekulia Sumbawanga na mahindi ndiyo niliyoyaona kabla ya kompyuta. Mji wetu uko juu ya uwanda wa Ufipa, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na msimu wa mavuno ukifika barabara ya kwenda Tunduma ni malori tu. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ana kanda yake hapo. Mtoto yeyote wa mkulima anajua kwamba kuna mahindi na kuna karatasi ya mahindi, na kwamba ni vitu viwili. Mzigo unapimwa, unaingia ghalani, mzee anarudi nyumbani na karatasi mfukoni. Nchi hii hata imeitungia sheria karatasi ya namna hiyo. Mfumo wa stakabadhi ghalani una Sheria Namba 10 ya mwaka 2005, na wenzetu wa Mtwara walianza kuuzia korosho kwa mfumo huo msimu wa 2007/2008. Mwenye stakabadhi anaweza kwenda nayo benki kuombea mkopo. Benki haipokei gunia hata moja mezani, inapokea karatasi inayosema gunia ziko wapi.

Variabo ya Java yenye kitu ndivyo ilivyo. Ndani yake hamna gunia, mna karatasi inayoelekeza ghala lilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Karatasi hiyo ndiyo tunayoiita rejeo.

Namba ni hadithi nyingine na ni fupi. Variabo ya namba kwenye Java ina namba yenyewe ndani. Ukiwa na bei ya 60,000 ukaipeleka kwenye methodi, methodi inapata nakala ya 60,000. Ikiongeza 5,000 kule ndani, imeongeza kwenye nakala yake, na bei yako inabaki ilivyokuwa. Ni kama kumwambia mtu bei ya gunia kwa mdomo: akikosea huko mbele ya safari, daftari lako halibadiliki.

Sasa ukipeleka kitu, methodi inapata nakala ya karatasi. Ghala halijanakiliwa, limebaki lile lile moja. Kwa hiyo sasa kuna watu wawili wenye karatasi mbili zinazoelekeza ghala moja, na kila mmoja anaweza kufanya mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana lakini hayana undugu. La kwanza ni kufuata karatasi hadi ghalani na kutoa gunia. La pili ni kutupa karatasi yake na kushika nyingine ya ghala lingine. Tazama msimbo huu wa Python:

class Ghala:
    def __init__(self, gunia):
        self.gunia = gunia

def toa(g, idadi):
    g.gunia = g.gunia - idadi

def badili(g):
    g = Ghala(500)

laela = Ghala(40)
toa(laela, 15)
badili(laela)
print(laela.gunia)

Jibu ni 25. Methodi ya kwanza ilifuata karatasi hadi Laela ikatoa gunia 15 kweli kweli, na mwitaji ataona upungufu. (Mtaalamu atasema hizi ni funksheni kwa kuwa ziko nje ya klasi. Sawa, kanuni ya kupokea agumenti ni ile ile.) Ya pili ilijenga ghala jipya lenye gunia 500, ikachukua karatasi yake, ikatupa ile ya Laela. Ilipomaliza kazi ikaondoka na karatasi yake, na ghala jipya likabaki bila mwenyewe. Karatasi ya mwitaji haikuguswa. Kama kweli vitu vingepitishwa kwa rejeo, kwa maana kamili ya maneno hayo, jibu lingekuwa 500.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha nililichora hili ubaoni kwa chaki: mraba mkubwa wa ghala, vikaratasi viwili, mishale miwili. Kijana mmoja wa kidato cha tano akanyoosha mkono: "Mwalimu, na huyo wa pili akiichana ya kwake?" Nikamwambia aje aifute. Akafuta kikaratasi kimoja na mshale wake, akarudi nyuma hatua mbili akatazama. Ghala lipo, karatasi ya mwenzake ipo. Hakuuliza tena, na mimi sikuwa na la kuongeza. Nadhani mchoro ule ulifanya kazi zaidi ya istilahi zote tulizokuwa tumezijaza kwenye daftari.

Mtu aliyelipa jambo hili jina linalolifaa ni Barbara Liskov wa chuo cha MIT, Marekani, ambaye miaka ya 1970 yeye na wenzake walitengeneza lugha iitwayo CLU. Aliita namna hii kupitisha kwa kushirikishana. Mwitaji na mwitwaji wanashiriki kitu kimoja, kila mmoja kwa jina lake. Alipata Tuzo ya Turing ya mwaka 2008, na bado madesa yetu hayajapokea habari. Jina lake lingetuondolea ubishi mwingi, kwa sababu "kupitisha kwa rejeo" tayari ni jina la kitu kingine kilicho hai. Kwenye C++ ukiweka alama ya & kwenye parameta, methodi haipati nakala ya karatasi, inapata karatasi yako wewe mwenyewe, ile iliyo mfukoni mwako. Ikiibadilisha, imebadilika kwako. Ndiyo maana kwa C++ unaweza kuandika methodi ya kubadilishana variabo mbili, kilicho kwa a kiende kwa b na cha b kije kwa a, na mwitaji akaona mabadiliko. Kwa Java huwezi. Jaribu leo usiku. Ukiweza kubadilisha karatasi mbili za mwitaji ukiwa ndani ya methodi ya Java, niko tayari kuila makala hii na ugali.

Wanaosema Kiswahili wasiogope kwamba hii ni mantiki ya kigeni. Sema "nimeyauza". Kile kiambishi -ya- cha katikati hakijabeba mahindi hata punje. Kinaelekeza mahindi tuliyokwisha kuyataja, yaliyoko huko yaliko. Na ukiendelea na "nikayapima, nikayapakia", viambishi ni vitatu na mahindi ni yale yale. Tumekuwa tukipitisha marejeo tangu tunajifunza kuongea.

Nirudi kwenye chama cha ushirika, maana hapo ndipo penye uzito. Chukua chama cha msingi chochote, kile tunachokiita AMCOS, kinachoweka orodha ya wakulima kwa kompyuta. Orodha imepangwa kwa foleni: aliyeleta mzigo kwanza analipwa kwanza. Mzee amekuja Jumatatu alfajiri na gunia nne juu ya mkokoteni, yuko namba moja. Jumatano limekuja lori la mfanyabiashara na gunia 300, yuko namba kumi na tisa. Mwenyekiti anaomba ripoti ndogo tu, wakulima watano wenye mzigo mkubwa. Kijana wa programu anaandika:

def wakubwa(foleni):
    foleni.sort(key=lambda m: m.gunia, reverse=True)
    return foleni[:5]

Ripoti inatoka safi na mwenyekiti anafurahi. Ila kijana amepokea nakala ya karatasi, akaifuata hadi kwenye orodha yenyewe, akaipanga upya kule kule. Kuanzia dakika hiyo foleni ya malipo imepangwa kwa ukubwa wa mzigo. Mwenye lori amekuwa wa kwanza na mzee wa mkokoteni amekwenda mkiani. Programu haijalalamika, hakuna maandishi mekundu, na kila gunia iko mahali pake ukijumlisha. Fedha za awamu ya kwanza zikiishia kwa mtu wa kumi na mbili, mzee ataambiwa arudi wiki ijayo, na akiuliza kwa nini ataambiwa kompyuta ndiyo imepanga. Mtu aliyetembea na mkokoteni usiku kutoka kijijini atabishana vipi na kompyuta?

Kosa la aina hii ndilo linaloniogopesha kuliko yale yanayoangusha programu. Programu ikianguka, mtu anaitwa. Hii inaendelea kufanya kazi huku inamdhulumu mtu kimya kimya, na aliyeiandika anaamini kabisa kwamba ameandika ripoti tu. Ukimuuliza atakwambia methodi yake inasoma, haibadilishi.

Tiba yake kwenye Python ni neno moja. Badala ya foleni.sort unatumia sorted(foleni, ...), ambayo inakuundia orodha mpya iliyopangwa na kuiacha ya zamani ilivyo. Waliotengeneza Python waliziacha mbili makusudi: sort inabadilisha orodha yenyewe na hairudishi kitu, inarudisha None, ili usijidanganye kwamba umepewa nakala. Mimi ningependa kila methodi tunayoandika iseme wazi namna hiyo. Ikiwa itagusa mali ya mwitaji, jina lake liseme: toa, panga, futa. Ikiwa inarudisha kipya, iseme hivyo pia.

Njia nyingine ni kunakili kabla ya kupeleka: wakubwa(list(foleni)). Hapo angalia vizuri. Ulichonakili ni orodha, na orodha yenyewe ni rundo la karatasi. Umetoa fotokopi ya rundo zima, lakini kila karatasi bado inaelekeza kwa mkulima yule yule. Kupanga upya rundo lako hakumdhuru mtu. Ila ukichukua karatasi ya mkulima mmoja ukaifuata na kumpunguzia gunia, umempunguzia kweli, na rundo la awali litaona. Inaitwa nakala ya juu juu. Ukitaka nakala inayoshuka hadi ndani kuna copy.deepcopy, ambayo ni nzito na mara nyingi huihitaji.

Wa Java wana imani yao ya peke yake, kwamba neno final linalinda kitu. Ukiandika final Ghala g kwenye parameta, umezuia methodi isitupe karatasi yake na kushika nyingine. Gunia haijalindwa hata moja, g.toa(15) itapita bila kuulizwa. Kinacholinda gunia ni klasi yenyewe kutokuwa na methodi ya kuzigusa. Ndivyo ilivyo String ya Java: hamna methodi hata moja ya kubadilisha herufi zake, zile zinazoonekana kuibadilisha zinarudisha String mpya. Hii ndiyo sababu watu wakiijaribu wanaona inatenda kama namba, kisha wanaandika kwenye desa kwamba String "ni kitu lakini hupitishwa kwa thamani", na kanuni inapata kipengele cha pekee ambacho haikukihitaji. Namba za Python nazo ni vitu vya namna hiyo hiyo, visivyobadilika. Kwa hiyo kwa Python kanuni ni moja tu bila kugawa namba na vitu.

Kuna mtego mmoja wa Python nisiouache, maana ni wa hatari ile ile. Unaruhusiwa kuipa parameta kitu cha akiba, kitakachotumika mwitaji asipoleta chochote:

def pokea(jina, daftari=[]):
    daftari.append(jina)
    return daftari

Karani wa Laela anaita pokea kwa jina la mkulima wake bila kuleta daftari. Karani wa Mpui naye anaita vivyo hivyo. Utategemea kila mmoja apate daftari tupu. Wote wamepewa daftari moja, kwa sababu lile la akiba hutengenezwa mara moja tu, pale Python inaposoma mstari wa def, na baada ya hapo kila anayekuja mikono mitupu anapewa karatasi ya daftari hilo hilo. Mkulima wa kwanza wa Mpui atajikuta ameandikwa chini ya watu wa Laela. Weka daftari=None, kisha ndani utengeneze orodha mpya pale inapokuwa None.

Mtu wa mtindo wa vitu ataniuliza, mbona mfano wa kwanza kitu kimewekwa ndani ya mabano, na kwa kawaida tunaandika laela.toa(15)? Ni jambo lile lile limevaa nguo nyingine. Kama toa ingekuwa ndani ya klasi, Python ingeigeuza laela.toa(15) kuwa Ghala.toa(laela, 15). Kile kilicho kabla ya nukta ndicho agumenti ya kwanza, na parameta inayokipokea ndiyo self. Ndiyo maana unalazimika kuiandika kwenye kila methodi, na ndiyo maana ukiisahau Python inakwambia umepeleka agumenti mbili wakati unaona umepeleka moja. Java inaipokea hiyo hiyo kimya kimya na kuiita this. Kwa hiyo self nayo ni nakala ya karatasi: self.gunia = 0 inamaliza ghala la mtu, wakati self = Ghala(500) haimfanyi mtu yeyote kitu.

Mfano wangu wa ghala una mahali unapovuja, niseme kabla hamjaniandikia. Fotokopi ya stakabadhi ya kweli haina nguvu, mtunza ghala atakurudisha getini. Kwenye kompyuta kila nakala ina nguvu sawa na ya kwanza, hakuna ya asili na hakuna ya bandia. Na lile ghala la gunia 500 lililobaki bila mwenye karatasi, Java na Python zitalibomoa zenyewe na kutumia kiwanja kwa kazi nyingine.

Ukitaka kuliona hili kwa macho huhitaji kusubiri zamu ya maabara, simu yenye Pydroid 3 inatosha. Andika ule msimbo wa kwanza, kisha ongeza print(id(laela)) kabla ya kuziita zile mbili, na print(id(g)) kama mstari wa mwisho ndani ya toa na ndani ya badili. Namba ya kwanza na ile ya toa zitakuwa sawa hadi tarakimu ya mwisho. Ya badili itakuwa nyingine.